Wimbi la Saa Tisa

Walimvua wifi yangu Milembe mkanda mbele ya watu, sebuleni kwetu Isevya, na chai ikiendelea kunywewa. Baba Mdogo Kapela ndiye aliyefungua kifungo. Aliuvuta kutoka kwenye mbavu za mtoto wa watu kama mtu anayefungua mzigo kwenye baiskeli, akauweka juu ya kitanga cha ukindu na kusafisha koo.

"Mmeshuhudia," akasema. "Mkanda umerudi. Aliyeshindwa kubeba ameshindwa."

"Tumeshuhudia," wazee wakaitikia, na mmoja wao akaomba aongezewe sukari.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la maandazi. Chumba cha pili kaka yangu Mlekwa alikuwa anauma mto asipige kelele. Jua lilikuwa linazama, na hiyo ndiyo saa yake ya kuungua. Mwako hauui wala haupoi. Tangu upite Tabora nzima miaka ile ya vumbi jekundu, unakaa ndani ya mifupa ya mtu, unapanda na kushuka kila siku, na dawa pekee tuliyonayo ni mkanda pacha: mmoja mbavuni kwa mgonjwa, wa pili mbavuni kwa mtu wa kumbebea.

Na kwetu anayebeba ni mke. Binti akiposwa hupelekwa kwanza kupimwa wimbi la mwili wake, likilingana na la bwana harusi ndipo mahari inazungumzwa. Mume akija kupata mwako, mkanda unatolewa kabatini, basi, hakuna mjadala.

"Lakini mimi nilibeba," Milembe akasema. Alikuwa amekaa chini, mkono ubavuni pale mkanda ulipokuwa. "Kila asubuhi mifupa inaniwaka mpaka mwiko unanianguka. Mama, si nilikwambia?"

Mama yangu akacheka. Ana cheko moja hivi, la kumwaibisha mtu.

"Asubuhi! Jamani mnamsikia? Mume anaungua Magharibi, mke anaungua asubuhi. Huo wa asubuhi ulikuwa unambebea nani, mwanangu? Una bwana mwingine mgonjwa huko Kanyenye?"

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Hata yule wa sukari. Nikaweka sinia chini kwa kishindo, maandazi yakaruka.

"Mama, hayo si maneno ya kumwambia mtu!"

"Na wewe mtu wa mashine, nyamaza. Mashine yenu imefanya kazi yake. Mkanda mzima, mgonjwa yuleyule, kilichoharibika ni nini kama si moyo wa huyu? Kabla ya mkanda mwanangu alikuwa anaumia alasiri, na alikuwa anavumilia. Alipoanza kubebwa na huyu, maumivu yamehamia Magharibi na yamekuwa makubwa zaidi. Ugonjwa wa kawaida unahama saa? Niambieni ninyi wazee."

Wazee wakatikisa vichwa. Milembe akanyanyuka, akachukua mkoba wake na kutoka bila kuaga. Mwanamke aliyevuliwa mkanda tunamwita mkavu. Mkavu haolewi tena, hapewi mtoto wa mwenzake ashike, na akipita sokoni watu wanapisha. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

*

Kazi yangu ni kuchora mawimbi. Nipo kwenye nyumba ya mikanda kule Cheyo, na siku nzima nachora maumivu ya watu kwenye grafu. Sheria yetu hairuhusu mchoraji kugusa jalada la ndugu yake, kwa hiyo wimbi la Mlekwa nilikuwa sijawahi kuliona. Ila kesho yake nilishindwa kufanya kazi. Lile neno la asubuhi lilikuwa limenikaa kichwani. Mtu akitaka kudanganya, anadanganya hivyo? Milembe angesema tu anaumia Magharibi kama mumewe, yakaisha. Mwongo gani anachagua uongo unaomfanya achekwe?

Nikachukua karatasi ya miraba na penseli.

Wimbi la maumivu ni grafu ya sini, ile ya hesabu za shuleni, halina uchawi. Unachora mstari wa kati, ambao ni yale maumivu ya kila siku mgonjwa aliyoyazoea. Wimbi linapanda juu ya mstari huo, linashuka chini yake, linapanda tena. Ukitaka kulijua unauliza mambo matatu tu. La kwanza ni kimo: kutoka mstari wa kati hadi kileleni ni umbali gani, yaani ubaya wenyewe. La pili ni kipindi: kutoka kilele hiki hadi kingine panapita muda gani. Cha Mlekwa ni usiku na mchana mmoja kamili, na cha Milembe vilevile, ndiyo maana walioana. La tatu ni msogeo: grafu nzima imesukumwa kulia kiasi gani, ili kilele chake kiangukie saa yake na si saa ya mwingine.

Wimbi la mbebaji huwa na kimo kilekile na kipindi kilekile, ila limegeuzwa. La mgonjwa likipanda, lake linavuta chini. Ukijumlisha mawili hayo, mraba kwa mraba, unabaki na mstari ulionyooka, na mgonjwa anaweza kula na kulala. Anayeumia ni mbebaji, na anaumia saa ileile ambayo mgonjwa angeumia. Wagonjwa huwa tunawaambia hivyo. Wabebaji wanagundua wenyewe.

Sasa nikasema, tuseme Milembe ni mkweli. Anaumia asubuhi. Basi mkanda ulikuwa unamvuta asubuhi, uliamini kwamba kilele cha mumewe kiko asubuhi.

Nikachora wimbi la Mlekwa lilivyokuwa kabla ya mkanda, kimo miraba kumi, kilele saa tisa alasiri. Chini yake nikachora la Milembe, limegeuzwa, lakini nikalisogeza hadi kina chake, yaani pale chini kabisa, kikafika saa tatu asubuhi, kwa kukisia. Halafu nikaanza kujumlisha.

Saa tatu asubuhi: Mlekwa yuko kwenye mstari wa kati, hana shida ya maana, na hapo ndipo mkewe anamvutia miraba kumi yote. Nafuu ambayo hakuna aliyeiomba. Saa tisa alasiri: Mlekwa yuko kileleni, kumi nzima, na wimbi la Milembe liko kwenye sifuri. Hakuna msaada. Saa kumi na mbili jioni: Mlekwa ameanza kushuka, amefika saba, na wimbi la mkewe, lile lililotakiwa kuvuta, sasa limevuka mstari na linasukuma juu. Saba nyingine.

Kumi na nne. Na hicho ndicho kilele kipya, nikajaribu saa za kabla na za baada, zote ziko chini yake. Maumivu yamekuwa makubwa na yamehamia Magharibi, vilevile kama Mama alivyosema mbele ya wazee.

Penseli ikanianguka. Kwanza nilifurahi, naapa, nilitaka kupiga kigelegele pale ofisini. Halafu nikaona umbali kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, nikajua kilichotokea, na furaha yote ikaniishia.

*

"Mama, siku mlipokwenda kufunga mkanda, nani alibonyeza mashine?"

Alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakunyanyua kichwa.

"Mimi. Nani mwingine? Mama wa mume ndiye anayebonyeza, ndiyo heshima yake. Unataka abonyeze karani?"

"Ulibonyeza ngapi kwenye saa ya kilele?"

"Tisa. Si alikuwa anaumia saa tisa?"

Nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, mashine ile inaanza kuhesabu saa katikati ya usiku. Haianzi jua likichomoza kama sisi. Ukiiambia tisa, yenyewe inaelewa saa tatu asubuhi. Karani hakukwambia?"

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Kuna kitoto kiliniambia niandike kumi na tano," akasema polepole. "Nikakiuliza, wewe, saa kumi na tano iko wapi? Uliwahi kusikia mtu anaalikwa harusini saa kumi na tano? Kikanyamaza. Nikajua kimechanganyikiwa."

"Kilinyamaza kwa sababu ya heshima yako, Mama! Ulikosea saa sita. Robo ya wimbi zima! Milembe alikuwa anabeba, anabeba kila siku, na kila alichobeba mlikuwa mnakimwaga na kumwongezea Mlekwa juu. Na jana mkamcheka."

Mama akauinamia ungo. Nilidhani analia. Niliwaza, ndiyo, lia, leo nakuruhusu. Aliponyanyua uso, ulikuwa mkavu na umejaa matumaini.

"Kwa hiyo huyu msichana yuko sawa na mwanangu. Mawimbi yanalingana."

"Yanalingana."

"Na nikibonyeza kumi na tano, Mlekwa anapona."

"Anatulia. Ndiyo."

"Alhamdulillahi! Basi arudi. Nenda kesho kwao, Nyamizi, mwambie tumemsamehe."

"Mmemsamehe?"

"Usianze. Kama si mkavu, ndoa yake iko palepale, na mkanda ni wake. Muulize Baba Mdogo. Hiyo haina ubishi, labda mgonjwa awe ameshapata mbebaji mwingine, naye hana. Nenda."

Nilitoka mle jikoni nikiwa siamini masikio yangu. Nilikuwa nimeleta ukweli wa kumsafisha mtu, na mama yangu ameshaugeuza kamba ya kumfungia. Nikinyamaza, Milembe anabaki huru na anabaki mkavu, ananyooshewa kidole hadi uzeeni. Nikisema mbele ya wazee, jina lake linasafishika, na siku hiyohiyo anarudi kwenye mkanda kwa maisha yake yote. Na kaka yangu je? Nilimsikia tena alasiri ile, saa yake ya zamani, kupitia ukutani. Mlekwa ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyemkatalia baba nisitolewe shule. Nilijifunika shuka usoni na bado nikamsikia.

*

Milembe nilimkuta Kanyenye kwa shangazi yake, uani, anachuja asali. Masega yametundikwa kwenye kitambaa na asali inashuka taratibu kwenye ndoo. Asubuhi, na mwiko uko imara mkononi mwake.

"Wifi," akasema. "Umekuja kunicheka na wewe?"

"Wifi, acha. Nimekuja na karatasi."

Nikamwonyesha grafu zote mbili, na ya tatu ya jumla. Nikamweleza kumi na tano na tisa. Alisikiliza akilamba asali kwenye kidole, mpaka kidole kikabaki mdomoni. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Kwa hiyo haikuwa bure tu," akasema. "Ilikuwa inamwongezea. Mimi namuumiza mume wangu, na najikaza nisivue kwa sababu nampenda."

"Si wewe uliyemuumiza."

"Mwili ulikuwa wa nani, wa mama yako?"

Akajifuta na kanga.

"Wamesema nini kwenu?"

Ningeweza kumficha. Nikamwambia yote, hata lile la kusamehewa. Aliponisikia alicheka, kicheko kifupi kibaya.

"Nataka wazee walewale, sebule ileile, waambiwe mimi si mkavu. Nataka yule mzee wa sukari asikie kwa masikio yake. Na mkanda sivai tena. Hata ukiwekwa sawasawa. Mlekwa alikuwa chumba cha pili, wifi. Alisikia nikiulizwa kama nina bwana. Ana mdomo, hakuutumia."

"Alikuwa anaungua."

"Na mimi nilikuwa naungua asubuhi, na uji wake nilipika."

Asali ilikuwa imejaa ndoo, akaisogeza ndoo nyingine chini ya kitambaa.

"Wakikusafisha watakurudisha," nikasema. "Mpaka apatikane mbebaji mwingine. Na kipindi kama chake ni adimu. Tofauti ya nusu saa tu, mawimbi yanapishana kidogo kidogo, wiki hii nafuu, baada ya hapo balaa."

"Mmewapima wangapi?"

"Wachumba wote waliowahi kuletwa. Wewe tu ndiye uliyelingana."

"Wachumba." Akanitazama usoni. "Na wa tumbo moja? Wewe kipindi chako ni kipi?"

"Mimi sijaposwa. Hatupimwi kama hatujaposwa."

"Unapima Tabora nzima na hujijui mwenyewe," akasema, bila ukali wowote, akarudi kwenye masega yake.

*

Pete ya kipimo inavaliwa mchana na usiku mzima. Niliivaa na kuificha chini ya glovu. Siku iliyofuata nikafunga mlango wa ofisi, nikachora.

Nilifuta mara mbili. Sikuwa shujaa, asinidanganye mtu. Nilikuwa naomba Mungu kipindi changu kiwe kirefu, kiwe kifupi, kiwe chochote. Nilikuwa nimejiandalia hata sentensi: jamani nimejaribu, haikulingana. Nikaweka grafu yangu juu ya ile niliyomchorea Mlekwa na kuziinua zote mbili dirishani, penye mwanga. Kilele kwa kilele, kina kwa kina. Wimbi langu lilikaa juu ya lake bila kuzidi hata unene wa penseli.

Nililia pale dirishani. Nilililia miaka yangu, alasiri zangu zote. Nilikasirika pia, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza, linakula wali mezani, na hakuna aliyewahi kuligusa.

Mama nilimwonyesha jioni. Aliitazama karatasi kidogo tu, akaelewa kwa haraka kuliko vile alivyoelewa kumi na tano.

"Chana."

"Mama."

"Chana, nimesema! Mtoto wa kike hambebei kaka yake. Utaolewa na nani una mkanda wa kwenu mbavuni? Una kazi, una macho ya kuchorea watu. Milembe yupo!"

"Milembe ni mtoto wa kike wa nani?"

Aliinyakua karatasi, akaichana vipande, akavitia jikoni chini ya sufuria. Vikawaka. Mimi nikamtazama tu, maana grafu ya sini ukishajua kimo, kipindi na msogeo wake unaichora tena wakati wa kusubiri chai.

*

Wazee walikuja Jumamosi. Niliichora upya mbele yao, kwa mkaa, kwenye ukuta wa sebule aliousakafia baba. Niliwachorea wimbi la Mlekwa, la Milembe, na jumla yake. Niliwaambia Milembe alibeba kila siku bila kukosa, na kosa ni la saa, na saa ilibonyezwa na nani. Mama alitoka nje. Yule mzee wa sukari aliuliza mara tatu saa kumi na tano iko wapi, nami nikamweleza mara tatu, mpaka akanyamaza.

"Basi mke arudi," Baba Mdogo Kapela akasema.

"Mgonjwa ana mbebaji," nikasema. Nikapandisha blauzi kidogo, wauone mkanda. "Milembe apewe talaka yake, na mmtangaze si mkavu. Msikitini na sokoni."

Wakamtangaza kweli, ila kwa sauti ndogo, na nasikia wengine sokoni bado wanampisha.

Msogeo niliuweka mwenyewe. Alasiri ileile, saa saba ikapita, saa nane, nikaanza kuusikia mwako unakuja, kwanza kwenye vifundo vya miguu, halafu magotini, halafu mgongoni. Niliijua grafu yake vizuri kuliko mtu yeyote Tabora na bado sikuwa nimeijua. Ilipofika saa tisa nilikuwa nimelala mkekani, nimeuma upindo wa kanga. Chumba cha pili kaka yangu alikuwa ameamka. Nilimsikia anaomba maji, kisha anaomba chakula, kisha anacheka kitu fulani redioni. Hakuja kunitazama. Nadhani aliona aibu, au alikuwa na njaa.

Aliyekuja ni Mama. Alipiga magoti mkekani, akanishika miguu, akanipepea na upande wa kanga yake huku machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. "Vua, mwanangu," akawa anasema. "Vua upumzike hata kidogo. Mungu wangu, unatetemeka hivi! Inakuumiza sana? Niambie mama yako, inauma vipi?"

Nilisubiri mpaka niweze kufungua meno.

"Kamuulize Milembe," nikamwambia.